Kuchagua Kabati la Majalada la Ofisi ya Chama

SOMO KWA MAKATIBU, WAJUMBE WA KAMATI NA WANACHAMA

Madhumuni ya somo

Somo hili linahusu chombo kimoja cha ofisi ambacho aghalabu hununuliwa bila kufikiriwa, nacho ni kabati la kuwekea majalada. Baada ya kulisoma na kulijadili, katibu na wajumbe wa kamati wataweza kupima karatasi za chama chao, kuchagua kabati linalozitosha, kulikagua kabla ya kulipa, na kuliweka mahali panapofaa. Wanachama, kwa upande wao, wataweza kuuliza maswali yanayostahili pindi makisio ya ununuzi huo yatakapoletwa mbele ya mkutano mkuu.

Kanuni ya kushika tangu mwanzo ni moja: kabati huchaguliwa kwa kufuata karatasi za chama na watu wanaozihitaji; karatasi hazilazimishwi kulifuata kabati. Chama kinachoanzia dukani hurudi na chombo kizuri cha kutazamwa. Chama kinachoanzia kwenye karatasi zake hurudi na chombo cha kazi.

Karatasi za chama ni haki za wanachama

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Makatibu wengi wanaijua methali hiyo, na vitabu wanaviandika. Lakini daftari nalo ni mali, na lisipokuwa na makao litapotea kama mali nyingine.

Mwanachama anapoleta mazao ghalani hupewa stakabadhi, na kishina chake hubaki ofisini. Tangu siku hiyo hadi malipo ya mwisho yatakapotolewa, haki yake hukaa katika vipande viwili vya karatasi: kimoja mfukoni mwake, kingine mikononi mwa chama. Kile cha mfukoni hulowa mvua, huliwa na panya au hupotea safarini. Kile cha ofisini ndicho tegemeo. Nacho kikipotea, hubaki neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake, na hapo ndipo fitina huingia chamani hata kama hakuna mtu aliyeiba senti moja.

Mfano mmoja utalieleza jambo hili. Mwanachama amefariki dunia, na mjane wake anafika ofisini kuulizia hisa za marehemu pamoja na malipo ya pili ya kahawa. Ili amjibu, katibu anahitaji karatasi nne: ukurasa wa marehemu katika daftari la wanachama, fomu ya kumtaja mrithi, leja ya hisa, na vishina vya stakabadhi za msimu uliopita. Ikiwa zote nne zimo mahali panapojulikana, mama huyo atajibiwa asubuhi hiyo hiyo. Lakini ikiwa moja iko mvunguni mwa meza, ya pili iko nyumbani kwa mweka hazina, na ya tatu imo ndani ya gunia ghalani, ataambiwa arudi Jumatatu, kisha Jumatatu nyingine. Baada ya safari ya tatu ataamini kwamba chama kimemdhulumu, na majirani zake wataamini vivyo hivyo. Huenda katibu huyo ni mwaminifu kabisa. Hata hivyo, uaminifu usioweza kuonyeshwa kwa maandishi haumsaidii yeye wala mjane.

Tena karatasi za ushirika huishi kuliko watu wanaoziandika. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na chama kikuu cha KNCU huko Kilimanjaro kikaandikishwa mwaka 1933. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika mageuzi ya namna hiyo ghala halisemi lenyewe kuwa ni la nani, wala kiwanja hakimtambui mwenyewe. Kinachosema ni hati ya kiwanja, muhtasari wa mkutano uliokubali ununuzi, na orodha ya wanachama waliochanga.

Hatua ya kwanza: kuzitenga karatasi

Kabla ya kuulizia bei ya kabati lolote, katibu na wajumbe wawili wa kamati watenge siku moja ya kutoa karatasi zote zilizomo ofisini na kuzipanga katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni karatasi za kudumu. Humo mna cheti cha kuandikishwa kwa chama, masharti ya chama na marekebisho yake, daftari la wanachama, vitabu vya muhtasari wa mikutano, hati za viwanja na majengo, mikataba ya mikopo, na taarifa za ukaguzi za kila mwaka. Hizi hazitupwi kamwe.

Fungu la pili ni karatasi za kazi ya kila siku: barua zinazoingia na kutoka, hati za malipo za mwaka huu, vishina vya stakabadhi za msimu uliopo, karatasi za benki, majalada ya watumishi, na nyaraka za kupeleka mazao ghala kuu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Stakabadhi za Ghalani ya mwaka 2005, vyama vya mazao vinavyotumia utaratibu huo vina nyaraka nyingine za kutunza, nazo pia huingia katika fungu hili.

Fungu la tatu ni karatasi zilizomaliza kazi ya kila siku ila bado hazijaruhusiwa kuharibiwa, kama vile hati za malipo za miaka iliyopita. Muda wa kuzitunza hauamuliwi na katibu peke yake. Huamuliwa na sheria, masharti ya chama na ushauri wa mkaguzi, na hakuna karatasi inayochomwa bila azimio la kamati lililoandikwa.

Fungu la nne ni vitu visivyo kumbukumbu: fomu tupu za zamani, kalenda, magazeti, na nakala tatu nne za barua ile ile. Mara nyingi fungu hili ndilo linaloshangaza kamati kwa ukubwa wake. Ofisi inayolia kwamba kabati limejaa yaweza kugundua kwamba kilichojaa ni takataka, na kwamba fedha za kununua kabati la pili zingeweza kununua mizani.

Hatua ya pili: kupima kwa rula

Karatasi hupimwa kwa unene. Kila fungu lipangwe wima kama vitabu, lisukumwe lishikane bila kukandamizwa, kisha lipimwe kwa rula. Fungu la pili ndilo linaloamua ukubwa wa kabati la droo, kwa kuwa ndilo linalofunguliwa kila siku. Hesabu yenyewe ni nyepesi, kama mfano huu wa chama cha kubuni unavyoonyesha:

Karatasi za kazi zilizopo sasa: sentimita 90.
Ongezeko la kila mwaka: sentimita 22.
Kamati imekusudia kabati litoshe kwa miaka 3: 22 mara 3 ni sentimita 66.
Jumla ya karatasi: 90 na 66 ni sentimita 156.
Nyongeza ya robo kwa ajili ya majalada yenyewe na nafasi ya kupitisha vidole: sentimita 39.
Nafasi inayotakiwa: sentimita 195.

Ikiwa droo moja ina urefu wa sentimita 60 kwa ndani, 195 zikigawanywa kwa 60 ni droo tatu na robo. Chama hicho kinahitaji kabati moja la droo nne, na kitabakiwa na akiba ya sentimita 45. Kabati la droo mbili lingejaa kabla ya kupimwa upya, na makabati mawili ya droo nne yangekuwa fedha iliyosimama ukutani.

Nyongeza ile ya robo isidharauliwe. Droo iliyoshindiliwa hadi mwisho humlazimisha mtu kuvuta jalada kwa nguvu. Jalada huchanika, na karatasi zilizolegea huanguka chini ya droo zisionekane tena kwa miaka.

Uzito nao upimwe. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 hivi. Bunda la karatasi 500 huwa na kilo 2.5 na unene wa sentimita 5 hivi. Basi zile sentimita 156 za karatasi ni mabunda 31, yaani takriban kilo 78, ukiachilia mbali uzito wa kabati. Mzigo huo ni kama mtu mzima aliyesimama mahali pamoja mchana na usiku kwa miaka. Sakafu ya mbao iliyooza au saruji iliyotitia haitauvumilia.

Jambo la mwisho la kupima ni upana wa jalada. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Karatasi ya fulskapu ni ndefu zaidi, kiasi cha milimita 330, na majalada mengi ya ofisi za chama na za Serikali yalitengenezwa kwa kipimo hicho. Kabati lililotengenezwa kwa A4 peke yake halitapokea jalada la fulskapu bila kulikunja, ilhali kabati la fulskapu litapokea yote mawili. Anayekwenda dukani achukue jalada lake kubwa kuliko yote, alitie ndani ya droo mbele ya muuzaji, na kuifunga droo hiyo.

Aina za makabati na kazi zake

Zamani karatasi za ofisi zilikunjwa, zikafungwa kwa utepe na kusukumwa ndani ya vijumba vidogo vya mbao. Mtindo wa kusimamisha majalada wima ndani ya droo, yakifuatana kama kadi, ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago, Marekani, mwaka 1893, nao ukaenea duniani kwa sababu jalada huonekana na kutolewa bila kuondoa yaliyo juu yake. Tangu hapo zimezuka aina nyingi, lakini chama cha msingi kitatosheka kuzijua tano.

Kabati la chuma la droo. Hili hufaa karatasi za fungu la pili. Majalada hukaa wima au huning'inizwa kwenye vyuma viwili vya pembeni. Huchukua nafasi ndogo ukutani, lakini huhitaji nafasi mbele yake. Droo ikivutwa yote hutokeza zaidi ya nusu mita, na lazima mtu apate pa kusimama.

Kabati la chuma la milango miwili na rafu. Hili hufaa leja, daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi na majalada ya sanduku. Leja kubwa haikai vizuri ndani ya droo. Huvunjika uti wa mgongo. Vyama vingi vya msingi vina vitabu vingi kuliko barua, navyo vingehudumiwa vyema na kabati hili kuliko lile la droo.

Kabati la mbao la fundi wa kwetu. Lisidharauliwe. Fundi aliyepewa vipimo kamili aweza kutengeneza kabati linaloingia katika pembe ya ofisi barabara. Mbao za mninga au mvule huvumilia mchwa kuliko msonobari usiotiwa dawa. Udhaifu wake ni kitasa, ambacho hakina budi kuwa imara, na droo, ambazo hukwama zinapovimba wakati wa masika. Kwa sababu hiyo kabati la mbao ni bora liwe la rafu na milango.

Sanduku la bati. Hufaa karatasi za fungu la tatu zilizofungwa kwa mwaka na kuandikwa nje. Halifai karatasi za kila siku, kwa kuwa inayotakiwa huwa chini daima.

Kasha la kuzuia moto. Hili ni la fungu la kwanza, nalo laeleza jambo linalostahili sehemu yake lenyewe.

Kabati la chuma halizuii moto

Wanachama wengi huamini kwamba kitu kikiwa ndani ya chuma kimesalimika. Sivyo. Karatasi huwaka katika joto la nyuzi 230 hivi za Sentigredi, na moto wa nyumba waweza kuzidi nyuzi 600. Bamba la kabati la kawaida ni jembamba, na chuma hupitisha joto upesi. Hata mwali usipoingia ndani, karatasi huiva kama mkate katika tanuri, na droo ikifunguliwa hukutwa majivu meusi yaliyopangika vizuri.

Kasha halisi la kuzuia moto huwa na kuta nene zilizojazwa kitu kisichopitisha joto, na huuzwa likiwa na cheti cha majaribio. Katika jaribio mojawapo linalotumika sana, kasha huwekwa katika tanuri kwa muda wa saa moja hadi joto la nje kupita nyuzi 900, na ndani hairuhusiwi kuzidi nyuzi 177. Muuzaji asiyeweza kuonyesha maandishi ya namna hiyo kwenye kasha lake anauza uzito mtupu. Tena kasha lililopimwa kwa karatasi halitoshi kulinda vifaa vya kompyuta. Kwa vile kipimo cha ndani ni nyuzi 52 tu.

Si kila chama kitaweza kulinunua kasha hilo. Kisichoweza kina njia nyingine isiyo na gharama kubwa: nakala. Nakala za cheti cha kuandikishwa, hati za viwanja, masharti na kurasa za daftari la wanachama zitolewe kila mwaka, zithibitishwe, na kuwekwa katika jengo jingine, kama vile chama kikuu au benki. Moto mmoja hauunguzi majengo mawili yaliyo mbali.

Kulikagua kabati kabla ya kulipa

Mjumbe aliyetumwa dukani asiridhike na rangi inayong'aa. Na afanye majaribio yafuatayo, moja baada ya jingine:

1. Avute kila droo hadi mwisho. Droo njema hutoka yote, hivyo jalada la nyuma kabisa huonekana, na ina kizuizi kinachoizuia isianguke. Iteleze juu ya gololi au magurudumu madogo bila kukwaruza.

2. Aitie droo mzigo. Droo tupu huteleza daima. Aombe mabunda manne au matano ya karatasi yaliyomo dukani, ayatie ndani, kisha aivute tena.

3. Avute droo mbili kwa pamoja. Kabati lililoundwa kwa usalama hukataa droo ya pili isifunguke wakati ya kwanza iko wazi. Lisilo na kizuizi hicho laweza kumwangukia mtu droo za juu zikivutwa zikiwa zimejaa. Chama kikilinunua hata hivyo, lifungwe ukutani kwa skrubu, na droo za chini zijazwe kwanza.

4. Abonyeze ubavu wa kabati kwa kiganja. Bamba linalobonyea na kurudi kwa kelele ni jembamba mno, na baada ya mwaka mmoja droo zitapinda.

5. Afunge kitasa na kujaribu kila droo. Kitasa kimoja hakina budi kufunga droo zote. Funguo ziwe mbili, na namba ya ufunguo iandikwe mahali pa siri.

6. Apitishe mkono ndani na chini. Kingo kali hukata karatasi na vidole. Chini pasipopakwa rangi ndipo kutu huanzia.

7. Ahakikishe kila droo ina kidirisha cha kuwekea jina la yaliyomo.

Kabati lililokwisha kutumika laweza kuwa ununuzi wa busara, hasa ofisi kubwa zinapouza vyombo vyake. Jaribio la sita lipewe uzito wa kwanza hapo, kwa kuwa kutu ya chini haionekani kwa mbele. Lisilo na ufunguo lihesabiwe pamoja na gharama ya kitasa kipya.

Mahali pa kuliweka

Adui wa karatasi hutofautiana kwa nchi. Pwani ya Mtwara na Lindi, hewa ya chumvi hula chuma. Huko rangi iliyokwaruzika ipakwe mara moja. Bukoba na mahali pengine penye mvua nyingi, unyevunyevu huleta kuvu. Katika maeneo makavu ya pamba vumbi huingia kila upenyo, na mchwa wapo karibu kila mahali.

Hata hivyo kanuni za kuwakinga ni zile zile. Kabati liinuliwe juu ya matofali au fremu ya mbao ngumu kiasi cha sentimita 10 kutoka sakafuni, ili maji yasiliguse na fagio lipite. Liwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema. Pale linapofungwa ukutani kwa usalama, kipande cha mbao kiwekwe kati ya kabati na ukuta. Lisikae chini ya bati linalovuja wala mbele ya dirisha. Wala lisikae chumba kimoja na mafuta ya taa, mbolea au dawa za mimea. Mara moja kwa mwezi kila droo ifunguliwe na kufutwa vumbi, na mara moja kwa mwaka kabati lisogezwe na nyuma yake kukaguliwa.

Funguo na haki ya kutazama

Kabati hufungwa kwa sababu mbili: kuzuia mtu asiondoe karatasi, na kulinda siri za wanachama. Majalada yana namba za akaunti, madeni, na habari za warithi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeuweka wajibu wa kuzilinda habari za watu katika maandishi, lakini adabu ya ushirika iliudai tangu zamani.

Ufunguo mmoja ukae kwa katibu. Wa pili utiwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa saini, ukatunzwe na mwenyekiti au mahali pengine palipoamuliwa na kamati. Chama chenye ufunguo mmoja tu kimefunga ofisi yake siku katibu atakapougua. Jalada linapotolewa, kadi iwekwe mahali pake ikitaja jalada, aliyelichukua na tarehe. Hakuna jalada la chama linalolala nyumbani kwa mtu.

Lakini kitasa kisigeuzwe kuwa ngome dhidi ya wenye mali. Ni desturi ya sheria za ushirika kutaka masharti ya chama na orodha ya wanachama vipatikane ofisini ili mwanachama aweze kuvitazama. Mwanachama anayeomba kuona hesabu yake mwenyewe hamtukani katibu. Anatimiza wajibu wake. Kabati lililochaguliwa vema hupimwa kwa jambo hilo: karatasi inayostahili kuonyeshwa huonekana upesi, na isiyostahili haionekani na asiyehusika.

Kununua kwa utaratibu

Fedha ya kabati ni fedha ya wanachama. Gharama yake iingizwe katika makisio yaliyokubaliwa na mkutano mkuu. Kamati ipitishe azimio likitaja aina, idadi ya droo na vipimo. Bei ziulizwe kwa maandishi kwa wauzaji watatu, zikiwa pamoja na usafiri. Kabati linalouzwa rahisi mjini laweza kuwa ghali likifika kijijini. Likifika, mjumbe asiyelinunua alipokee na kulilinganisha na hati ya kupelekea mali. Kisha liandikwe katika daftari la mali ya kudumu, pamoja na namba yake, na uchakavu wake uhesabiwe kila mwaka.

Kompyuta na kabati

Baadhi ya wanachama huuliza kama kabati lina haja tena, maadamu vyama vimeanza kutunza hesabu kwa kompyuta. Kompyuta ni msaada mkubwa: hutafuta jina kwa nukta moja, na nakala zake huweza kutunzwa mbali. Lakini hati ya kiwanja, stakabadhi yenye saini na kitabu cha muhtasari kilichotiwa saini na mwenyekiti bado huulizwa na mkaguzi na mahakama katika asili yake. Kinachobadilika ni ukubwa. Chama chenye kompyuta inayotumika vizuri chaweza kupunguza lile ongezeko la sentimita 22 kwa mwaka, na huenda kikahitaji kabati dogo zaidi na kasha bora zaidi. Rula ndiyo itakayosema.

Muhtasari wa somo

Tenga kwanza, pima pili, nunua tatu. Vitabu huenda kwenye rafu, majalada kwenye droo, hati za kudumu kwenye kasha la kuzuia moto au nakala zake katika jengo jingine. Jaribu kila droo ikiwa na mzigo. Inua kabati kutoka sakafuni. Tunza funguo mbili. Na ikumbukwe kwamba kabati halipangi karatasi. Karatasi hupangwa na mtu, kwa orodha ya majalada iliyobandikwa ndani ya mlango au juu ya droo ya kwanza, ili hata katibu mpya aweze kumjibu mwanachama siku yake ya kwanza kazini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Daftari la wanachama wa chama chetu liko wapi leo, na ni nani wawili wanaoweza kulifikia katibu asipokuwapo?

2. Mwanachama akifika sasa kuulizia stakabadhi yake ya msimu uliopita, itachukua muda gani kukipata kishina chake? Kikundi kijaribu kwa saa.

3. Karatasi za kazi za chama chetu ni sentimita ngapi, na huongezeka sentimita ngapi kwa mwaka? Kwa hesabu hiyo, chama kinahitaji droo ngapi, au rafu ngapi?

4. Ofisi ikiungua usiku wa leo, ni hati zipi zitakazobaki, na ziko katika jengo gani?

Majibu ya swali la tatu na la nne yaandikwe na kuwasilishwa katika kikao kijacho cha kamati, kabla ya makisio ya mwaka kutayarishwa.